Ada ya uanachama kwenye vyama visivyo vya faida Marekani: inapunguza kodi au haipunguzi?

Kila Januari W-2 (zile fomu za mwajiri zinazoonesha mshahara wako wa mwaka na kodi uliyokatwa) zikianza kuingia maswali ni yaleyale, kwenye magrupu ya WhatsApp, kanisani, msikitini, mpaka msibani watu wamekaa wanaulizana: hii ada ninayolipa chama cha Watanzania naiweka kwenye kodi? Cha Wakenya je, cha Wakongo, ile kadi ya zuu niliyowakatia watoto? Nimeyakusanya hapa yanayorudi sana. Majibu ni ya kodi ya serikali kuu ya Marekani, ile inayokusanywa na IRS, mamlaka ya kodi. Majimbo yana sheria zao na nitazigusa pale tu zinapotofautiana sana.

Nipe kwa kifupi, ada inakatwa (yaani inaondolewa kwenye mapato yako kabla hayajapigiwa kodi) au haikatwi?

Inategemea mambo mawili na yote lazima yajibiwe. La kwanza, hicho chama IRS inakitambua kama chama cha aina gani. La pili, wewe ukishalipa unapata nini. Kama chama ni cha 501(c)(3), yaani kile cha hisani, elimu, dini na mambo kama hayo, unaruhusiwa kuondoa kwenye mapato yako kile kiasi tu kilichozidi thamani ya ulichopewa. Umelipa dola 100, umepata vitu vya dola 100, hapo hujachangia kitu, umenunua. Umelipa 100 ukapata vya 30, mchango wako ni 70. Na kama chama sio cha kundi hilo basi mara nyingi jibu ni hapana, hata kama kinafanya mambo mazuri kiasi gani.

Sisi tumesajiliwa na jimbo kama nonprofit, tuna EIN, tuna akaunti ya benki. Si inatosha?

Haitoshi, na hapa ndo watu wengi wanapoumia. Kusajiliwa na jimbo kunamaanisha chama kipo kisheria, basi. EIN ni namba tu ya utambulisho inayotolewa na IRS, hata kaduka ka kusuka nywele kana EIN. Ili michango ya watu ikatwe kwenye kodi chama kinatakiwa kiombe IRS kutambuliwa kama 501(c)(3), kwa Form 1023, au ile fupi ya 1023-EZ kama chama ni kidogo na kinatarajia kuingiza si zaidi ya dola 50,000 kwa mwaka (ile fupi ada yake dola 275, ile ndefu 600), na ikikubali inawatumia barua. Hiyo barua muombe mwenyekiti au katibu awaoneshe, sio kumvunjia heshima, chama kilicho sawa huwa kinaitoa bila maneno.

Vipo ambavyo havihitaji kuomba: makanisa, misikiti na nyumba nyingine za ibada, pamoja na vyama vidogo sana vya hisani ambavyo kwa kawaida haviingizi zaidi ya dola 5,000 kwa mwaka. Lakini hata hivyo vidogo lazima viwe vinafanya kazi ya hisani kweli, udogo peke yake hausaidii.

Jambo lingine, mkiomba ndani ya miezi 27 tangu chama kuanzishwa kisheria na mkakubaliwa, utambulisho unarudi nyuma mpaka siku ya kuanzishwa. Mkichelewa, kwa kawaida unaanzia siku mliyotuma maombi. Kwa hiyo chama kipya kisikae miaka mitatu kinasema "tutafanya tu".

Aina nyingine za vyama ni zipi, mbona navyo vinaitwa visivyo vya faida?

Kwa sababu kutolipa kodi kwa chama ni jambo moja, na wewe kupunguziwa kodi kwa kukichangia ni jambo lingine kabisa. Kuna 501(c)(4), vyama vya ustawi wa jamii vinavyoweza pia kushawishi mambo ya sheria, kuna (c)(5) vyama vya wafanyakazi, (c)(6) vyama vya wafanyabiashara na taaluma, (c)(7) klabu za starehe na michezo. Vyote havilipi kodi kwenye shughuli zao za msingi, lakini ada yako huko sio mchango wa hisani. Mfano ambao wazee wetu wanakutana nao ni AARP, kile chama cha wazee: ni 501(c)(4), kwa hiyo ile ada ya kila mwaka haikatwi, ila AARP Foundation ni chombo kingine na ni (c)(3), ukiichangia hiyo inakatwa. Majina yanafanana, kodi haifanani.

Vyama vya maveterani wa vita vina nafasi yao maalum, vingi michango yake inakubalika. Vyama vya siasa na wagombea, hapana.

Nitajuaje chama changu kiko wapi bila kugombana na viongozi?

Ingia tovuti ya IRS, kuna sehemu inaitwa Tax Exempt Organization Search, ni bure na huhitaji akaunti. Weka jina la chama au EIN yake. EIN ni nzuri zaidi, maana majina yanachanganya, mmoja kaandika Community mwingine kaandika Association. Utaona kama kiko kwenye orodha ya wanaoweza kupokea michango inayokatwa, na pia kuna orodha ya pili ambayo watu hawaiangalii, ya waliofutwa. Angalia zote mbili. Kanisa au msikiti usipouona humo usiogope, hawalazimiki kuwemo.

Waliofutwa? Walifutwaje, chama chetu kina barua ya IRS ya miaka mingi tu.

Hili naomba kila mweka hazina alisome mara mbili. Tangu sheria ya mwaka 2006, karibu kila chama kilichosamehewa kodi lazima kitoe taarifa IRS kila mwaka, hata kama hakijaingiza kitu. Vidogo, ambavyo kwa kawaida haviingizi zaidi ya dola 50,000, vinajaza 990-N, ambayo ni kitu cha mtandaoni cha dakika chache: jina, anwani, EIN, nani kiongozi, ndio mapato yetu hayazidi hapo, umemaliza. Kwa chama ambacho mwaka wake ni Januari mpaka Disemba, mwisho ni tarehe 15 Mei. Ukikosa mwaka mmoja hakuna faini, na ndo maana watu wanasahau. Ila ukikosa miaka mitatu mfululizo utambulisho unafutwa wenyewe, hakuna kikao wala kujieleza.

Sasa fikiria vyama vyetu vinavyoendeshwa. Uchaguzi kila miaka miwili, uongozi mpya unaingia umenuniana na uongozi wa zamani, mafaili yako kwenye laptop ya katibu aliyehamia Texas, password ya kujazia 990-N ilikuwa kwenye imeli yake binafsi. Mwaka wa kwanza kila mtu anadhani mwenzake amejaza, wa pili hivohivo, wa tatu ndo hivyo tena, na barua za IRS zinaenda kwenye anwani ya mtu ambaye hayupo tena kwenye chama. Wanachama wanaendelea kulipa na kuambiwa kwenye mkutano mkuu kwamba michango yao "inakatwa" wakati jina liko kwenye orodha ya waliofutwa. Inaniuma sana, maana anayekuja kukataliwa makato sio kiongozi, ni dada anayefanya shifti mbili nasingi homu.

Kwa aliyechangia, sheria inamlinda kidogo: michango uliyotoa kabla IRS haijatangaza kwenye orodha kwamba chama kimefutwa bado inaweza kukatwa. Baada ya hapo hapana. Chama chenyewe kinaweza kuomba kurudishwa, kinajaza upya na kulipa upya.

Ushauri wangu, 990-N iandikwe kwenye katiba ya chama kama kazi ya mtu mwenye cheo, na login ikae kwenye imeli ya chama, sio ya mtu.

Tunalipa kila mwezi kwa ajili ya misiba, mwanachama akifiwa au akifariki chama kinasafirisha mwili. Hiyo inakatwa?

Hapana, na najua jibu hili halipendezi. Ni jambo la utu na huku ugenini usipokuwa na watu utalia peke yako. Ila kodi haiangalii kama jambo ni jema, inaangalia kama ulitoa bila kutegemea kurudishiwa. Ukilipa dola 20 kila mwezi na katiba inasema mwanachama aliyelipa akifiwa na mzazi anapata kiasi fulani, na akifariki yeye mwili utapelekwa nyumbani kwa gharama ya chama, na ambaye hajalipa miezi mitatu hapati, hiyo ni kusaidiana wenyewe kwa wenyewe, inakaribia sana bima. Unalipia haki yako. Ni halali kabisa, endeleeni nayo, ila isiingie kwenye ritani (fomu yako ya kodi ya mwaka) kama hisani.

Na kuna hatari upande wa chama. Kama kila kitu mnachofanya ni kufaidisha wanachama waliolipa, hamfanani na chama cha hisani, na (c)(3) yenyewe inaweza kuwa na maswali. Wengine wanatenganisha: mfuko wa misiba una akaunti yake, sheria zake na hata usajili wake, na chama cha hisani kinabaki na kazi za jamii nzima kama darasa la Kiswahili kwa watoto, kusaidia wakimbizi wapya, skolashipu. Hiyo ni njia safi, ila mpate mwanasheria au mhasibu anayejua mambo ya vyama awapangie.

Na ule mchango wa papo hapo, mtu kafariki, namba imewekwa kwenye grupu, tunatuma?

Hiyo ni zawadi kwa familia. Haikatwi, iwe umetuma kwa Zelle, Cash App au GoFundMe. Hata ukiipitisha kwenye chama cha (c)(3) ukaandika "kwa ajili ya familia ya marehemu fulani" bado haikatwi, kwa sababu umemlenga mtu maalum na chama kimekuwa njia tu. Mchango wa hisani unatakiwa uwe mikononi mwa chama, wao ndo waamue unaenda wapi kwa kufuata malengo yao. Wapokeaji kwa kawaida nao hawalipi kodi ya mapato kwenye hela hiyo.

Kadi ya zuu, makumbusho au redio ya jamii?

Hapa mambo ni mazuri kidogo. Wengi wao ni (c)(3). Kama ada ya mwaka ni dola 75 au chini, kuna faida ambazo IRS inakuruhusu kuzipuuza, yaani unahesabu kana kwamba hujapewa kitu: kuingia bure au kwa bei nafuu, maegesho, punguzo dukani kwao, hizi haki za kutumia mara kwa mara, pamoja na shughuli za wanachama tu ambazo gharama yake kwa mtu ni ndogo sana. Ukilipa zaidi ya 75 ukapata faida, wao wanatakiwa wakuandikie thamani ya walichokupa. Tuseme familia imelipa 150, barua inasema thamani ya faida ni 90, wewe unaandika 60. Hata kama hukwenda zuu hata siku moja, ni 60. Kinachohesabiwa ni ulichopewa haki nacho.

Jimu, klabu ya gofu, klabu ya mpira ya watu wazima, hapana. Ada ya HOA, chama cha wenye nyumba wa mtaa unaoishi, hapana.

Tiketi ya sherehe ya Uhuru, dola 100, chakula na bendi?

Hesabu ni ileile. Sherehe ya tarehe 9 Disemba ya Watanzania, ya 12 Disemba ya Wakenya au ya 30 Juni ya Wakongo, kama chama ni (c)(3) toa thamani ya chakula na burudani kwa bei ya kawaida ya mtaani, kinachobaki ndo mchango. Na kwa sababu malipo yamezidi 75 na kuna kitu kimetolewa, chama kinalazimika kukuandikia makadirio hayo, kisipofanya hivyo kinaweza kupigwa faini ya dola 10 kwa kila mchango mpaka 5,000 kwa shughuli moja. Tiketi ya bahati nasibu haina mjadala, haikatwi.

Fungu la kumi, zaka, ahadi za ujenzi, ada ya mwezi ya kanisa?

Inakatwa, mradi ni nyumba ya ibada ya hapa Marekani. IRS inachukulia ada za waumini na michango ya ujenzi kama njia za kuchangia, na baraka za kiroho haziwekewi bei. Zaka ukiipeleka msikitini au kwenye taasisi ya (c)(3) ni sawa, ukimpa mtu mkononi ni ibada yako na thawabu zako ila haiingii kwenye fomu. Karo ya shule ya kanisa au madrasa ni karo, sio mchango.

Mimi nimechangia chama cha kijiji chetu, shule ya sekondari niliyosoma, parokia ya nyumbani.

Mchango kwa chama cha nje ya Marekani haukatwi. Zipo nafuu chache za mikataba kwa Kanada, Meksiko na Israel, nazo zina masharti, nchi zetu hazimo. Kinachowezekana ni chama cha (c)(3) cha hapa chenye bodi yake, kinachoamua chenyewe kusaidia miradi huko na kufuatilia matumizi. Kikiwa ni bomba tu la kupitishia hela, IRS inaweza kukataa.

Nimechangia kihalali lakini mhasibu anasema hainisaidii kitu. Ananidanganya?

Hapana, anasema kweli, na hili ndo linawashangaza watu kuliko yote. Karibu kila mlipa kodi anapewa punguzo la kawaida bila kuonesha risiti. Kwa mwaka 2025 lilikuwa dola 15,750 kwa asiye na mwenza na 31,500 kwa wanandoa wanaojaza pamoja. Michango yako ya hisani inakusaidia ukiacha hilo punguzo na kuorodhesha makato yako kwenye fomu ya Schedule A, yaani michango, riba ya mkopo wa nyumba, kodi za jimbo na kadhalika, na jumla izidi hilo punguzo. Mtu anayepanga apartimenti na amechangia dola 600 kwa mwaka hawezi kufika huko.

Habari njema ni kwamba kuanzia mwaka wa kodi 2026, sheria iliyosainiwa tarehe 4 Julai 2025 inawaruhusu hata wasioorodhesha kuondoa michango ya pesa (sio vitu) kwa vyama vya hisani mpaka dola 1,000, na 2,000 kwa wanandoa wanaojaza pamoja. Kwa watu wetu wengi hii ni mara ya kwanza risiti ndogondogo kuwa na maana tangu kile kiruhusa cha 2020 na 2021. Wanaoorodhesha nao wamewekewa kikwazo kipya, ile sehemu ya kwanza ya michango yao, sawa na nusu asilimia ya mapato, haihesabiwi.

Na kumbuka kukatwa sio kurudishiwa. Ukiwa kwenye kiwango cha kodi cha asilimia 12, mchango wa dola 200 unakuokolea 24, sio 200. Akikuambia mtu kwamba "changia tu utarudishiwa yote kwenye rifandi" usimsikilize.

Risiti gani inatakiwa?

Kwa mchango wowote wa pesa, hata dola 5, uwe na rekodi ya benki au maandishi ya chama yanayoonesha jina la chama, tarehe na kiasi. Sasa angalia Zelle zetu: statimenti inaonesha umemtumia mweka hazina, jina lake yeye, kwenye namba yake ya simu. Hapo hakuna jina la chama, hiyo rekodi peke yake haikusaidii. Chama kiwe na akaunti yake na watu watume huko.

Malipo ya mara moja ya dola 250 au zaidi yanahitaji barua ya chama inayosema pia kama ulipewa chochote na thamani yake, au kwamba hukupewa kitu. Uipate kabla hujajaza ritani. Malipo madogo hayajumlishwi kwa kipimo hicho, 25 kila mwezi haigeuki kuwa 300.

Ada ya yuniani na vyama vya taaluma?

Mfanyakazi wa W-2, nesi, dereva, mtu wa ghala, hapana kwenye kodi ya serikali kuu. Ruhusa ya kuikata ilisimamishwa kuanzia 2018 na sheria ya 2025 imeufanya usimamisho huo uwe wa kudumu. Baadhi ya majimbo bado yanaruhusu, kama California na New York, kwa hiyo ukiwa huko uliza.

Aliyejiajiri ni tofauti. Dereva wa lori lake mwenyewe, mwenye kampuni ya kuhudumia wazee majumbani, ada ya chama cha wafanyabiashara au cha kazi yake ni gharama ya biashara, inaingia Schedule C (fomu ya faida na hasara ya biashara), toa tu ile sehemu ambayo chama kinasema imeenda kwenye ushawishi wa kisiasa. Klabu za starehe hazikubaliki hata kama unakutana na wateja huko. Ukilipia bango la biashara yako kwenye sherehe ya chama hilo linaweza kuwa tangazo, nalo ni gharama ya biashara, ila mchango wa kawaida wa mtu aliyejiajiri peke yake unaenda Schedule A, usiuchomeke kwenye biashara.

Mimi ni mwanafunzi mwenye viza ya F-1, najaza 1040-NR, ile ritani ya wageni wasiohesabiwa kama wakazi.

Wewe kwa kawaida hupewi punguzo la kawaida, kwa hiyo michango kwa vyama vya hisani vya Marekani unaweza kuiorodhesha bila kwanza kulazimika kuvuka kiwango cha punguzo hilo. Tunza risiti zako vizuri.

Najitolea kufundisha watoto Jumamosi, muda wangu una thamani?

Kwa kodi hapana, saa zako hazikatwi. Gharama za mfukoni ambazo hukurudishiwa zinaweza kukatwa kwa wanaoorodhesha, na gari ni senti 14 kwa maili, ukiandika tarehe, ulikoenda na maili.

Pepa nizitunze muda gani?

Kwa kawaida miaka mitatu tangu ulipojaza ritani. Piga picha risiti, maana zile za karatasi nyembamba zinafifia mpaka hazisomeki, weka kwenye folda moja ya mwaka husika, na ile barua ya chama iwe humohumo. Kama kipato chako sio kikubwa nenda VITA, mpango wa IRS wa watu wa kujitolea wanaosaidia kujaza kodi, wanajaza bure, na hiyo folda nenda nayo.